Profesa Aliyefundishwa na Yaya

Kwanza nikiri jambo moja. Béla Bartók sikumchagua mimi. Tulipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa Muziki alitaka kila mmoja aandike maisha ya mtunzi mmoja wa karne ya ishirini. Siku hiyo mimi nilikuwa zamu ya kufagia bwalo, na nilipofika maktaba mbio mbio, vitabu vya watunzi wenye majina makubwa vilikuwa vimekwisha kunyakuliwa. Nilichokipata ni kitabu kimoja kikuukuu ambacho hakuna aliyekitaka. Ndani yake mlikuwa na picha ya uani mwa kijiji fulani. Mzungu kijana, mwembamba kama ufito, amesimama kando ya mashine yenye pembe kubwa, na mwanamke mmoja wa kijijini anaiimbia ile pembe huku wenzake wakimtazama. Nikajiuliza: huyu ni mtunzi wa muziki kweli, ama ni karani wa kuhesabu watu?

Leo ninawashukuru wote walionitangulia maktaba siku ile. Maisha ya bwana huyu yalinifunza jambo ambalo sikulitarajia, na ndilo ninalotaka kuwasimulia wenzangu wa Chama cha Kiswahili.

Béla Bartók alizaliwa tarehe 25 Machi 1881 katika mji mdogo wa Nagyszentmiklós. Wakati huo mji huo ulikuwa Hungaria, ndani ya himaya kubwa ya Austria na Hungaria. Leo uko Romania na unaitwa Sânnicolau Mare. Jambo hili la mipaka kuhama naomba uliweke akilini, kwa maana tutalirudia.

Baba yake alikuwa mkuu wa shule ya kilimo. Alifariki mwaka 1888, Béla akiwa na miaka 7 tu. Mama yake, Paula Voit, akaachwa mjane na watoto wawili, Béla na dada yake Elza. Mama huyu alikuwa mwalimu, na ikambidi ahame mji hadi mji akitafuta kazi ya kuwalisha wanawe. Béla mwenyewe alikuwa mtoto wa kuugua ugua. Ugonjwa wa ngozi ulimtesa tangu utotoni hadi alipofika miaka 5, akawa hachezi na wenzake. Mama yake ndiye aliyemketisha mbele ya piano kwa mara ya kwanza. Mwaka 1892, akiwa na miaka 11, alipiga piano mbele ya umati, na mojawapo ya vipande alivyopiga alikuwa amekitunga mwenyewe, juu ya mto Danube.

Mwaka 1899 alikwenda kusoma katika chuo cha muziki cha Budapest. Angeweza kwenda Vienna, mji uliosifika Ulaya nzima kwa muziki, na tena haukuwa mbali na kwao. Akachagua mji mkuu wa nchi yake. Hapo utaona jinsi kijana huyu alivyoipenda Hungaria. Wahungaria wengi siku hizo walichoshwa na kutawaliwa na mfalme wa Austria. Bartók akatunga utungo mrefu wa okestra wa kumsifu Kossuth, shujaa aliyeongoza upinzani dhidi ya Austria mwaka 1848. Ulipopigwa Budapest Januari 1904, watu walimshangilia kijana wao. Alikuwa na miaka 22.

Lakini palikuwa na kasoro ambayo hata yeye hakuijua. Muziki aliodhani ni wa Kihungaria halisi ulikuwa ule wa bendi za Waroma zilizotumbuiza kwenye hoteli na mikahawa mijini. Ulikuwa mtamu, sikatai, na waliupiga kwa ustadi mkubwa. Hata Liszt, mtunzi mashuhuri aliyemtangulia, aliamini kwamba hiyo ndiyo asili ya muziki wa nchi. Kumbe nyingi za nyimbo zile zilikuwa za juzi juzi tu, zimetungwa na mabwana wa mjini. Wimbo wa mkulima wa kijijini haukujulikana na wasomi. Nani angekwenda kuusikiliza? Wakulima walikuwa watu wa matope, bwana.

Hapo ndipo anapotokea yaya.

Katika majira ya joto ya mwaka 1904, Bartók alikwenda kukaa mashambani, mahali paitwapo Gerlice, apate utulivu wa kufanya mazoezi na kutunga. Siku moja akamsikia msichana mmoja akiimba. Alikuwa Lidi Dósa, yaya kutoka Transylvania, na wimbo aliouimba haukufanana na chochote ambacho Bartók alikuwa amefundishwa chuoni. Msomi wetu alisimama kama aliyepigwa na radi. Alimwita yule msichana, akamwomba aimbe tena, naye akachukua karatasi na kuandika. Hebu fikiria! Kijana aliyekwisha kushangiliwa Budapest anaketi kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na mwalimu wake ni yaya.

Mwaka uliofuata akakutana na Zoltán Kodály, mtunzi mwenzake ambaye naye alikuwa na wazo lilo hilo. Wakafanya urafiki uliodumu maisha yao yote. Mwaka 1906 walitoa kitabu kidogo cha nyimbo 20 za Kihungaria, kila mmoja akiwa ameandalia 10 muziki wa piano. Kisha wakagawana nchi, huyu huku na yule kule, wakaenda vijijini.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Mashine ile niliyoiona pichani iliitwa fonografu. Mwimbaji huimbia ile pembe, na sindano huchora sauti juu ya silinda ya nta. Silinda moja haikubeba zaidi ya dakika chache, na kila unapoirudia kuisikiliza nta hulika kidogo. Kwa hivyo Bartók alibeba mzigo wa silinda, wakati mwingine juu ya mkokoteni, wakati mwingine kwa miguu. Alilala alipopata, akala alichopewa. Na hata akifika, watu walimshuku. Bwana wa mjini anataka nini na nyimbo zetu? Ama ni ujanja wa kutoza ushuru?

Kuna kisa alichokiandika mwaka 1907 katika barua kwa Stefi Geyer, msichana mpiga fidla aliyempenda lakini hakumpata. Alikuwa Transylvania, akimbembeleza bibi mmoja wa kijijini amwimbie nyimbo za kale. Bibi akasema hajui. Alipobanwa, akatoa wimbo wa kanisa. Bartók akasema la, si huo, nataka wa zamani. Bibi akatoa mwingine, nao ukawa wa mjini. Wakazungushana hivyo hivyo, mmoja akiomba na mwingine akitoa kisichotakiwa, hadi msomi akachoka hoi, na bibi akawa bado haelewi mgeni huyu ana wazimu gani. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktabani hadi nikanyamazishwa. Nilicheka kwa sababu bibi huyo namjua. Kwetu Kakamega ninaye mmoja kama yeye.

Katika safari hiyo ya 1907 ndipo Bartók alipopata hazina. Aligundua kwamba nyimbo za kale kabisa za Wahungaria zimejengwa juu ya sauti tano tu. Ukitaka kuisikia skeli ya namna hiyo, nenda kwenye chumba cha muziki, bonyeza vile vibonye vyeusi peke yake. Ile skeli ya do, re, mi, fa, so, la, ti tunayofundishwa kwamba ndiyo msingi wa muziki, haikuwa msingi wa nyimbo hizo.

Wengi wangekusanya nyimbo, wazitie sandukuni, basi. Bartók hakuishia hapo, na hii ndiyo sababu wataalamu wanamhesabu miongoni mwa waanzilishi wa elimu ya kulinganisha nyimbo za jadi. Alirudi nyumbani akaisikiliza kila silinda tena na tena, wakati mwingine akiizungusha polepole ili anase kila mtetemo wa koo. Kisha aliziandika nyimbo zote kana kwamba zinaishia kwenye noti moja. Kwa nini? Kwa sababu watu wawili wanaweza kuimba wimbo mmoja, huyu kwa sauti ya juu na yule kwa sauti ya chini, nawe ukadhani ni nyimbo mbili. Baada ya hapo alizipanga kwa kutazama kila mstari unaishia noti gani, na kila mstari una silabi ngapi. Njia hiyo aliichukua kwa mtaalamu wa Finland, Ilmari Krohn, akaigeuza ifae kazi yake. Ni kama kutunga kamusi: ukishaweka mpango, ndugu wa neno hukaa karibu na neno. Mwaka 1924 alitoa kitabu juu ya nyimbo za Kihungaria, akionyesha zipi ni za mtindo wa kale, zipi za mtindo mpya, na zipi ni mchanganyiko.

Sasa turudi kwa yale mambo ya mipaka. Bartók alianza kwa kuitafuta Hungaria, lakini nyimbo hazikukaa ndani ya Hungaria. Alikusanya za Waslovakia. Akakusanya za Waromania, zaidi ya 3000, na ili aelewe maneno akajifunza lugha zao. Mwaka 1913 alivuka bahari hadi bara letu la Afrika, akanasa nyimbo za Waarabu huko Biskra, nchini Aljeria. Mwaka 1936 alikwenda Uturuki akisaidiwa na mtunzi Adnan Saygun, na huko alishangaa kusikia nyimbo zinazofanana na zile za kale za Kihungaria, ilhali nchi hizo mbili zimetengana kwa mwendo mrefu.

Vita Kuu ya Kwanza ilizikata safari zake nyingi. Vita vilipokwisha, mkataba wa 1920 uliipokonya Hungaria sehemu kubwa ya ardhi yake, na Transylvania ikawa ya Romania. Watu walikuwa na uchungu. Mwaka huo huo Bartók akachapisha utafiti wake juu ya nyimbo za Waromania. Jameni! Magazeti ya kwao yalimrukia, yakamwita msaliti. Ajabu ni kwamba baadaye hata Romania walitokea watu waliomlaumu, wakisema anaipendelea Hungaria. Akawa katikati kama nyasi chini ya fahali wawili.

Angeweza kuficha alichokipata, ama akikate kidogo kiwapendeze wakubwa. Hakufanya hivyo. Nyimbo zilionyesha kwamba majirani wamekopeshana kwa karne nyingi, kwamba Mslovakia amechukua kwa Mhungaria na Mhungaria akachukua kwa Mslovakia, na hakuna aliyepungukiwa. Mwaka 1942, wakati Ulaya ilikuwa inachinjana kwa ajili ya usafi wa damu, aliandika makala akieleza kwamba muziki wa jadi ulitajirika kwa sababu ya kuchanganyika. Hayo hakuyasema kwa kubahatisha. Alikuwa na silinda zake za ushahidi.

Nawe utaniuliza: je, kutunga alitunga lini? Alitunga daima, na utafiti ndio uliokuwa kisima chake. Kuna mahali alichukua wimbo wa kijijini akauvika sauti za piano tu. Kuna mahali alibuni wake kwa kuiga ule wa kijijini. Na katika tungo zake kubwa huoni wimbo wowote wa kijijini, lakini harufu yake imo, kama mchuzi ulioungwa na mpishi stadi. Kwa mfano, wakulima wa Bulgaria hucheza kwa mapigo yasiyo sawa. Piga makofi hivi: moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu; halafu rudia bila kusita. Mapigo hayo Bartók aliyatia katika Mikrokosmos, vitabu vyake 6 vyenye vipande 153 vya kujifunzia piano, alivyoviandika kati ya 1926 na 1939. Kipande cha kwanza mtoto wa shule ya msingi anakiweza. Vya mwisho vinawatoa jasho wakubwa.

Wenyeji wake hawakumwelewa upesi. Opera yake ya pekee, juu ya ngome ya Bluebeard, aliitunga mwaka 1911. Aliiingiza mashindanoni ikakataliwa, ikangoja hadi 1918 ndipo ikaonyeshwa jukwaani. Chakula chake alikipata kwa kufundisha piano katika kile chuo cha Budapest, tangu 1907 hadi 1934. Utunzi hakukubali kuufundisha. Baada ya hapo alipewa kazi katika Akademia ya Sayansi ya Hungaria kuzipanga nyimbo za jadi, na nadhani siku hizo ndizo alizofurahi zaidi. Mwaka 1936 alitunga Muziki wa Nyuzi, Ngoma na Selesta, unaohesabiwa kati ya tungo kuu za karne ile. Unaanza kwa mnong'ono wa viola, na sauti zinapanda moja moja hadi unahisi nywele zinakusimama.

Kisha Hitler akaja. Mwaka 1938 Ujerumani iliimeza Austria, na watunzi waliochapishiwa kazi zao Vienna walitumiwa fomu ya kueleza wao na wazazi wao ni wa damu gani. Bartók hakuwa Myahudi. Angejaza kwa dakika moja alale usingizi wake. Yeye na Kodály walikataa kuijaza. Kazi zake akazihamishia kwa mchapishaji wa London. Aliposaini wosia wake mwaka 1940, aliagiza kwamba barabara yoyote nchini mwake isipewe jina lake maadamu ziko barabara ama viwanja vyenye majina ya Hitler na Mussolini.

Mama yake alifariki Desemba 1939. Hapo kamba ya mwisho ikakatika. Oktoba 1940, yeye na mkewe Ditta waliondoka kwenda Marekani. Alikuwa na miaka 59. Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa shahada ya heshima, kisha kikampa kazi ya kuandika nyimbo za Waserbia na Wakroatia ambazo msomi Milman Parry alikuwa amezinasa. Lakini mshahara ulikuwa mdogo na wa muda. Muziki wake haukupigwa sana. Damu yake nayo ilikuwa imeingiwa na ugonjwa wa lukemia.

Mwaka 1943 alikuwa amelazwa hospitalini New York, amedhoofika sana, na kutunga alikuwa ameacha. Ndipo Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, alipomtembelea kitandani na kumwagiza utungo mpya kwa dola 1000. Bartók hakujua kwamba marafiki zake Wahungaria, Szigeti na Reiner, ndio walioupanga mpango huo kwa siri. Walimjua. Angesikia ni msaada, angeukataa. Basi akapata nguvu za ajabu, na kati ya Agosti na Oktoba mwaka huo akaandika Koncheto ya Okestra. Ilipopigwa Boston tarehe 1 Desemba 1944, ilipokelewa kwa shangwe, na hadi leo ndiyo kazi yake inayopendwa zaidi.

Mwaka 1945 alikuwa akiandika koncheto ya tatu ya piano, zawadi kwa Ditta ili naye awe na kitu cha kupiga akiwa mjane. Aliikamilisha isipokuwa vipimo 17 vya mwisho, ambavyo rafiki yake Tibor Serly aliviandikia okestra. Bartók alifariki tarehe 26 Septemba 1945. Waliomzika walikuwa wachache. Mwaka 1988 mabaki yake yalirudishwa Budapest, yakazikwa kwa heshima zote za taifa. Nchi iliyomwita msaliti ikampokea kama mwana.

Sasa nimalizie kwa lile nililoahidi. Nyanya yangu wa Kakamega alizoea kuimba akisaga wimbi juu ya jiwe. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa ninaona haya wageni wakimsikia. Niliona ni mambo ya kishamba, na nilitamani anyamaze. Baada ya kukisoma kile kitabu, likizo ya Desemba niliazima simu ya mjomba, nikaketi karibu naye, nikamwomba aimbe nimnase. Akanitazama. Akasema hajui wimbo wowote. Nilipomsihi, akaimba wimbo wa kanisa! Nilicheka hadi machozi, naye akacheka bila kujua ninachekea nini.

Siku ya tatu akauimba ule wa kusaga. Alifika beti ya tatu akasimama. Akajaribu tena, akasimama pale pale. Akasema zilizobaki alizijua vizuri dada yake, waliyesaga naye, na dada yake alikwisha kufa. Jiwe lenyewe siku hizi ni la kuwekea ndoo ya maji.

Kwa hivyo mimi ninao nusu ya wimbo. Hakuna mtihani wala cheti kitakachonirudishia nusu ya pili, kwa maana nilipokuwa nikiona haya ndipo ilipokuwa ikipotea. Wenzangu, Bartók alianza kazi na mashine ya nta iliyobeba dakika chache tu, na leo kila nyumba ina simu. Likizo inakuja. Keti karibu na nyanya ama babu, na akikwambia hajui, usiondoke upesi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanachama, Kidato cha Tatu